Samaki Wanakufa Alfajiri, Wewe Unapima Maji Mchana

Juzi kijana mmoja wa Sengerema alinitumia ujumbe. Ameshapata mkopo wa vizimba vya kufugia samaki, ameshaoneshwa eneo kwenye Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, na alichotaka kwangu ni kitu kimoja tu: vifaranga bora wa sato anunue wapi. Nikamuuliza eneo lina kina gani. Hajui. Alfajiri maji yana rangi gani? Akanijibu na vikatuni vya kicheko: "Shikamoo mama, maji si ni maji tu?"

Marahaba. Jibu lako limenikaa kooni siku nzima, ndiyo maana naandika.

Najua wengi mnaosoma hapa mnataka alichokitaka yeye: vizimba, mavuno, halafu vizimba vingine. Mimi pia nilitaka hivyo na bado nataka. Sitawachosha na habari za vibali, nyavu na maboya. Ninachotaka kusimulia ni usiku ule samaki wetu walipokufa.

Kikundi chetu kiligawiwa sehemu ya kusini mwa ghuba, jirani na mwalo uliokuwa unajengewa gati. Kwenye kikao cha kwanza nilisema pale maji hayana kina na hayatembei. Nikaambiwa wanawake tunaogopa maji. Muhtasari wa kikao ule ninao hadi leo, jina langu limo, na aliyenijibu vile bado tunasalimiana kanisani.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kisha mkandarasi akaleta mtambo wa kuchimba tope ili vyombo vikubwa vifike gatini. Mtambo ukakoroga kutwa, tope likamwagwa pembeni tu, na maji yakawa kama chai ya maziwa. Sato wakaanza kususa chakula. Ukimkamata mmoja ukafunua shavu, matamvua yamejaa udongo. Tulikwenda kulalamika, tukaambiwa tusizuie maendeleo. Mtambo ukaondoka, jua likawaka, upepo ukakata, na ghuba ikageuka kijani. Kijani kizito kinachoelea, kinachoacha mstari ubavuni mwa mtumbwi, na kikioza harufu yake inakufuata hadi nyumbani.

Mlinzi alinipigia simu kabla ya adhana. Nilipofika, sato walikuwa wamepanda juu, midomo nje ya maji, wanatafuta hewa. Wakubwa ndio waliotangulia kufa, wale tuliokuwa tumeshawaahidi wanunuzi. Kulipokucha vizimba vilikuwa vyeupe kwa matumbo. Na pembeni, kambale na kamongo wazima kabisa, wanakula mizoga.

Mtaalamu tuliyeletewa alifika saa nane mchana. Akatumbukiza kipimo, akasoma oksijeni ya kutosha, akaandika kwamba tulilisha kupita kiasi. Mkandarasi hakutoa hata pole. Mniulize kama nimesamehe. Bado.

Sasa niwaambie ambacho yule bwana alipaswa kutuambia, maana nilikwenda kukitafuta mwenyewe kwa watafiti na kwenye vitabu. Mwani ule wa kijani, ambao mara nyingi kwetu ni jamii ya Microcystis, mchana unatengeneza oksijeni kwa jua. Usiku jua hakuna, nao unavuta oksijeni ile ile wanayovuta samaki. Kwa hiyo saa tisa alasiri maji yanaweza kusoma vizuri kupindukia, na saa kumi na moja alfajiri hayana kitu. Sato anataka angalau miligramu 5 kwa lita ili akue bila shida. Ikishuka chini ya 2 na kubaki hapo, andaa machepe. Aliyepima saa nane mchana alipima maji yasiyohusika na kifo.

Wale kambale na kamongo ni ushahidi pia. Hao wanaweza kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana walipona. Ukiona sato na sangara wamekufa, wakubwa kwanza, na kamongo anatamba, fikiria kwanza oksijeni. Ukiona na kamongo kafa, fikiria sumu.

Na tope? Ziwa letu lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 lakini wastani wa kina chake ni mita 40 tu, na ghubani ni pungufu sana. Kwa miongo mingi linapokea mbolea, vyoo na udongo wa mashamba. Kufikia miaka ya 1980 mwani wa aina hii ulikuwa umeshachukua nafasi ya ule uliokuwapo zamani. Fosforasi nyingi imelala kwenye tope la chini. Ukilikoroga, unaupa mwani chakula, na tope lenyewe, kwa uozo wake, linakula oksijeni. Hata bila mtambo, kusi ya Juni hadi Agosti inaweza kugeuza ziwa na kuleta juu maji ya chini yasiyo na hewa. Mtambo unaifanya kazi hiyo mlangoni kwako, msimu wowote.

Msiseme ni mkosi wa mama mmoja wa Mwanza. Novemba 2022 wenzetu wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki kwa wingi, na oksijeni ndiyo iliyotajwa. Agosti mwaka huo huo, mto Oder kati ya Poland na Ujerumani ulitoa mamia ya tani za samaki waliokufa, safari hiyo kwa sumu ya mwani mwingine unaopenda maji ya chumvi. Wenye maabara kila kona nao walizika samaki. Na mnakumbuka Machi 2022, kamati ya serikali iliposema samaki wa Mto Mara waliuawa na kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza? Nchi nzima ilicheka. Mimi sikucheka sana. Kama kamati ilipata jibu lote au nusu, mjadala huo ni mwingine, lakini uozo kula hewa ya maji ni jambo la kweli. Huko juu ya mto huo, upande wa Kenya, watafiti walishaonesha kinyesi cha viboko kikifanya hivyo.

Basi, mwanangu wa Sengerema na wenzako. Pima alfajiri. Huna kipimo? Azima, changeni kikundi kizima, uzeni simu moja. Wakati unasubiri, funga kamba kwenye sahani nyeupe, izamishe. Ikipotea kabla ya nusu mita na maji ni kijani, usiwalishe siku hiyo, hasa upepo ukiwa umekata. Samaki mwenye njaa anaishi, aliyeshiba anahitaji hewa zaidi. Mimi siku hizi siweki kizimba penye maji chini ya mita 8, wala penye mtambo wa kuchimba. Mtambo ukija, dai kwa maandishi watamwaga wapi tope na kama watafunga pazia la kulizuia lisisambae, na usipandikize vifaranga mpaka maji yatulie. Halafu pima alfajiri. Narudia kwa makusudi, kwa sababu mtapima mchana tu, nawajua.

Msimu huu kijani kimerudi kule kusini na watu wamelia tena. Vizimba vyangu viko nje, kwenye maji yanayotembea, na nimevuna. Wapo wanaosema nina dawa. Dawa ninayo: naamka.

Ukipata msiba huo, utashawishika kuwauza waliokufa, maana deni halisubiri. Usiuze. Hata kama kilichowaua ni kukosa hewa, mwani huu unaweza kuwa na sumu inayopiga ini, na ndani ya samaki hukaa zaidi kwenye ini na utumbo. Maji ya kijani usichemshe ukidhani umeyasafisha, moto hauiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa kila siku, kiasi ambacho macho hayawezi kukiona. Fukia mizoga mbali na ufukwe, kina kirefu. Mbwa nao uwafunge, wasinywe pale ukingoni ambako mwani umejikusanya.