Kwa nini kipande kilichochapwa hulegea baada ya siku chache?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa maabara hapa Kigoma. Kwa printa ya pande tatu (3D) tunachapa vipande vya tishu hai kwa wino wa alginati na jelatini wenye seli, kisha tunavigandisha kwa kalsiamu kloridi. Siku ya kwanza husimama vizuri, lakini baada ya siku chache kwenye inkubeta (kabati la joto la kukuzia seli) hulegea. Tulipoongeza alginati viliimarika, ila seli nyingi zilikufa. Tufanyeje?

Jibu: Ndugu mwanafunzi, tatizo lenu si uchache wa alginati, bali ni aina ya vifungo vinavyoushikilia wino huo. Jelatini huganda ikipoa, hivyo kwenye nyuzijoto 37 huyeyuka na kuvujia kwenye maji ya lishe yanayokuza seli. Alginati, inayotokana na mwani wa kahawia (si ule unaolimwa Zanzibar, ambao hutoa gundi nyingine, karajinani), hushikamana kwa ioni za kalsiamu, na ioni hizo huondolewa polepole na sodiamu iliyojaa kwenye maji ya lishe, huku fosfeti nayo ikizinasa. Ikiwa mnaosha vipande kwa maji ya chumvi yenye fosfeti, acheni mara moja. Tumieni yasiyo na fosfeti, yenye kalsiamu kidogo.

Kuongeza alginati kuliwaletea hasara mbili. Wino mzito hutaka msukumo mkubwa ili upite kwenye sindano, na mkwaruzo huo huchana utando wa seli; zinazonusurika hujikuta ndani ya wavu wenye macho madogo mno, zisiweze kutandaa.

Nguvu itafutwe kwenye mitandao miwili ya molekuli inayopenyana, wazo ambalo Jian Ping Gong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walilichapisha mwaka 2003: mtandao mgumu hukatika hapa na pale ukimeza nguvu ya kuvutwa, na ule laini hunyumbuka bila kuachia. Malighafi zao haziwafai ninyi, kwa kuwa ni sumu kwa seli hai. Badala yake, bakizeni alginati kidogo, na jelatini ya kawaida ibadilishwe kwa ile iliyounganishwa na methakriloili (vikundi vya kemikali vinavyoweza kufungamana), asilimia 5 hadi 10, pamoja na kianzishi cha LAP, kemikali inayoanzisha mfungamano huo ikimulikwa. Mwanga wa zambarau wa nanomita 405 huifunga kwa vifungo ambavyo joto la inkubeta haliviyeyushi, nao ni mpole kwa seli kuliko urujuanimno.

Jelatini hii huganda kwenye ubaridi zaidi kuliko ya kawaida, kwa hiyo katika joto la mchana la Kigoma wino utatiririka kama maji msipopoza bomba la sindano. Chapeni kwanza vipande visivyo na seli, mviweke kwenye maji ya lishe kwa wiki nzima, na mpime uzito wake kila siku. Vikishikilia uzito na umbo, ndipo mtie seli.