Kabla ya Kuunda Roboti ya Zimamoto, Buruteni Mpira Uliojaa Maji

Wanafunzi wa uhandisi hapa Kisumu huja kwenye kituo chetu cha zimamoto kutuonyesha roboti zao za kuzima moto, nami hufurahi kwelikweli. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na najua inavyoumiza mapafu na mgongo. Ushauri wangu kwao: anzeni na mpira wa kupitishia maji ya kuzimia moto.

Mpira wa milimita 70 wenye urefu wa mita 20 ukijaa hubeba lita 77 hivi. Hizo ni kilo 77, na ghala likiwaka tunaunganisha mipira miwili, mitatu. Roboti inayokimbia vizuri sakafuni ikiwa tupu, ifungie mpira wenye presha uone: magurudumu yanateleza, kisha inalala ubavu. Colossus, roboti ya Kifaransa iliyotumika kanisa la Notre-Dame jijini Paris lilipoungua mwaka 2019, ina uzito wa karibu nusu tani, na uzito huo huizuia isirudishwe nyuma na maji. Ila inaweza kurusha zaidi ya lita 2,000 kwa dakika. Gari letu la lita 5,000 lingekauka kabla dakika tatu hazijaisha, na mabomba ya barabarani mara nyingi ni makavu. Tuundieni inayotumia maji kidogo, yakitoka kama ukungu.

Vichochoro vya Nyalenda, mtaa wa mabanda hapa Kisumu, tuachieni sisi. Hata bega la mtu hupita kwa shida. Roboti iende penye maghala, mitungi ya gesi na malori ya mafuta. Januari 2009, lori la petroli lilianguka Sachangwan, karibu na Molo, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Mashine ya kumwaga povu penye mafuta yaliyomwagika ningeipokea leo hii, mradi mota zake zizibwe kabisa, maana cheche moja penye mvuke wa petroli inatosha kuwasha kila kitu.

Kamera ya joto ni lazima. Kwenye moshi mzito macho hayaoni hata mkono wako. Mawimbi ya rimoti hukatika nyuma ya kuta za chuma, kwa hiyo pitisheni waya sambamba na mpira. Vitufe viwe vikubwa, vya kubonyezwa na mtu aliyevaa glavu zilizolowa.

Asubuhi zamu zinapobadilishana, tunakagua pampu na mitungi ya hewa. Roboti nayo ikaguliwe hapo hapo, chaji na minyororo, na watu wawili waweze kuishusha garini. Kama beringi yake haipatikani madukani hapa mjini, badilisheni mchoro kabla hamjakata chuma.