Maswali na Majibu: Daftari la Mifumo, Kipi Kinategemea Kipi?

Mwezi huu tumechagua maswali manne yanayohusu hifadhidata ya usanidi, ile ambayo mafundi wengi huiita CMDB. Ni daftari la kompyuta linaloorodhesha seva, swichi, programu na laini za intaneti za taasisi, pamoja na uhusiano wa kila kimoja na vingine.

Swali: Wataalamu, habari za kazi. Nasimamia TEHAMA katika hospitali moja hapa Morogoro. Tuna orodha ya Excel yenye kompyuta 140, seva 6 na swichi 11. Mkuu wangu anataka tuwe na CMDB. Je, Excel haitoshi? Kama haitoshi, tuanzie wapi?

Jibu: Nzuri, ndugu msomaji. Excel yako inajibu maswali ya mhasibu: tuna nini, kiko wapi, tulikinunua lini. Usiitupe. Lakini swichi ya ghorofa ya pili ikizima saa nne asubuhi, Excel haikuambii kwamba dirisha la malipo na maabara vimesimama kwa pamoja, wala nani apigiwe simu. Jibu hilo limo kwenye uhusiano, na uhusiano haukai vizuri kwenye safu na mistari, kwa sababu seva moja hubeba programu tano na programu moja hutegemea vitu kumi.

Msianze na vifaa. Hapo ndipo kazi hii hufia mara nyingi: watu wanazunguka ofisi zote kwa miezi mitatu wakinakili namba za kompyuta, na wakifika mwisho zile za mwanzo zimeshahamishwa. Anzeni na huduma moja ambayo ikikatika watu wanaumia. Kwenu, chukueni malipo ya dirishani. Kaa na keshia mmoja na fundi mmoja kwa saa mbili, mshuke ngazi kwa ngazi. Keshia anatumia programu ya malipo. Programu inasoma hifadhidata ya wagonjwa. Zote mbili ziko kwenye seva pepe, na seva pepe imo ndani ya seva halisi. Seva hiyo inapata umeme kutoka UPS (betri ya akiba) ipi? Imechomekwa kwenye swichi ipi, tundu namba ngapi? Swichi inaelekea ruta, ruta inatoka kwa laini ya mtoa huduma hadi mfumo wa nje unaotoa namba za malipo.

Kisha ongezeni vitu viwili vinavyosahaulika sana: cheti cha usalama cha tovuti na jina la kikoa (anwani ya tovuti). Havionekani kwenye rafu, lakini muda wake ukiisha huduma inakufa huku taa zote za seva zikiwaka kijani. Vyeti hivyo vinazidi kufupishwa maisha: kwa vile vinavyoaminiwa na vivinjari vyote, kinachotolewa kuanzia 15 Machi 2026 hakiruhusiwi kuzidi siku 200, na mwaka 2029 ukomo utakuwa siku 47. Tarehe ya kuisha iingie daftarini siku ileile cheti kinapowekwa.

Huduma moja kwa kawaida itawapa vipengele 15 hadi 25. Kwa kila kimoja andikeni jina, aina, namba ya kiwanda, mahali kilipo, hali yake (kinatumika, kipo stoo, kimestaafishwa), mtu anayewajibika nacho, mwisho wa udhamini au mkataba, na tarehe kilipohakikiwa mara ya mwisho. Inatosha. Kila sehemu ya kujaza mnayoongeza ni sehemu mtakayolazimika kuisasisha. Kibodi na kipanya visiingie kabisa. Kipimo tunachopendekeza ni hiki: kama mtu anaweza kukibadilisha kitu bila kuomba ruhusa ya yeyote, hakina nafasi humo.

Uhusiano uandikwe kwa mwelekeo mmoja tu: "A inategemea B." Wengine wakiandika programu inategemea seva, na wengine seva inategemea programu, orodha ya athari itatoka kinyume siku mnapoihitaji. Mkimaliza, lijaribuni. Chagueni swichi moja, muulize daftari nini kitasimama ikizimwa, kisha siku ya matengenezo iliyotangazwa izimeni kweli. Chochote kitakachosimama bila kuwepo kwenye orodha ndicho mlichokisahau.

Kuhusu programu, GLPI na iTop ni huria na zote zinaweza kuchora mchoro wa athari. iTop imejengwa juu ya uhusiano tangu mwanzo. Nguvu ya GLPI ni ajenti yake, programu ndogo inayowekwa kwenye kila kompyuta na kukusanya taarifa zake bila kuandikwa kwa mkono, pamoja na tiketi (maombi ya msaada) za watumiaji. Kwa ukubwa wenu tungechagua GLPI.

Swali: Hamjambo. Niko Nakuru. Nimeweka ajenti ya GLPI kwenye kompyuta 300 lakini daftari linaonyesha 262 tu, na kuna moja inayobadilisha jina kila siku. Shida ni nini?

Jibu: Hatujambo. Kompyuta zako zinamezana. Ripoti inapofika, programu hutafuta kama kifaa hicho kimeshaandikwa. Ikipata kitambulisho kinachofanana, huandika juu ya rekodi ya zamani. Kompyuta inayobadilisha jina ni kompyuta kadhaa zinazogombea rekodi moja.

Angalia kwanza namba za kiwanda. Kompyuta za kuunganishwa dukani, zisizo na chapa kubwa, mara nyingi hazikuandikiwa namba kwenye BIOS (programu ya msingi inayowasha kompyuta), hivyo zote hujibu maneno yaleyale: "To be filled by O.E.M." Kwenye Windows endesha PowerShell na amri Get-CimInstance Win32_BIOS, kwenye Linux, dmidecode -s system-serial-number. Ukiona maneno hayo, au sufuri tupu, yaweke kwenye orodha ya thamani zisizokubalika ndani ya GLPI, na ubandike kwenye mashine namba yako mwenyewe.

Pili, je, kompyuta zilinakiliwa kutoka diski moja ambayo tayari ilikuwa na ajenti? Basi zimerithi kitambulisho kimoja cha ajenti. Simamisha huduma ya ajenti, futa faili lake la utambulisho kwenye folda yake ya data, iwashe tena, itajitengenezea kipya. Kwa diski mama, ajenti iwekwe baada ya kunakili.

Tatu, adapta za mtandao za USB. Zinazunguka mikononi mwa watu na anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya adapta) husafiri nazo, kwa hiyo laptopu mbili huonekana kama moja. Usiruhusu MAC peke yake iamue kwamba hiki ni kifaa kilekile.

Ukirekebisha kanuni za kutambua vifaa, futa rekodi zilizochanganyika na uziache kompyuta zijisajili upya. Kuzitenganisha kwa mkono ni kazi ya wiki nzima.

Swali: Je, turekodi matoleo ya programu? Na manywila ya seva? (Msomaji, Zanzibar)

Jibu: Matoleo, ndiyo. Tundu la usalama la Log4j, maktaba inayotumiwa ndani ya programu nyingi za Java, lilipotangazwa Desemba 2021, kazi iliyokula muda zaidi ilikuwa kujua lipo wapi, kwa sababu maktaba hiyo imefichwa ndani ya bidhaa za watu wengine. Andika jina la bidhaa, mtengenezaji na toleo, ili tangazo likitoka uulize daftari mara moja. Vivyo hivyo kwa kompyuta ambazo bado zina Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Manywila, hapana kamwe: daftari hili husomwa na watu wengi. Andika tu kwamba nywila ipo kwenye kabati la manywila (programu ya kuyahifadhi kwa siri), na nani ana ruhusa ya kulifungua.

Swali: Tulijenga daftari zuri, baada ya miezi mitatu likaanza kusema uongo. Tufanyeje? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Lifungeni kwenye kibali cha mabadiliko. Fomu ya kuomba kubadilisha chochote itaje kipengele kwa jina lake la daftarini, na kazi isifungwe mpaka anayeisimamia aone rekodi imesasishwa. Dharura ya usiku ifanyike kwanza. Iandikwe kabla ya saa nne asubuhi inayofuata.

Kila Ijumaa chagueni vipengele 10 kwa bahati nasibu, mwende kuviona kwa macho. Vikikosea viwili au zaidi, msisahihishe hivyo tu. Tafuteni ni badiliko gani lilipita bila kibali na lilipitia mkononi mwa nani. Mara nyingi jibu ni mkandarasi wa nje aliyehamisha waya, na hapo mkataba wake ndio unaohitaji kifungu.

Kifaa kilichoondolewa kisifutwe. Kibadilishwe hali kuwa kimestaafishwa, kwa sababu tiketi na mikataba ya zamani bado inakitaja.

Na kwa kuwa daftari lenyewe linakaa kwenye seva mojawapo inayoelezwa humo, kila wiki toeni nakala nje ya seva hiyo. Mchoro wa huduma kuu tatu uchapishwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa chumba cha seva, ukiwa na tarehe ya kuchapishwa.