Kabla hujaandika "fangasi", uliza dawa

Wadogo zangu mlioletwa maabara kwa mafunzo ya vitendo, nawapenda, lakini kosa hili nimechoka kulisahihisha. Juzi kijana mmoja ameona nyuzi ndefu za pinki kwenye slaidi ya mkojo, akaandika fangasi. Majibu yalikuwa karibu kwenda wodini.

1. Umbo la bakteria linashikiliwa na ukuta wake. E. coli, bakteria yenye umbo la fimbo, ikivuliwa ukuta ndani ya maji yenye sukari ya kutosha, fimbo inageuka duara; kwenye maji matupu inapasuka. Ukuta wenyewe ukitengwa peke yake unabaki na umbo la fimbo.

2. Turudi kwenye zile nyuzi. Ili E. coli ikue, inabidi ikate viungo vya peptidoglaikani yake, yaani wavu unaounda ukuta, na kupachika vipande vipya bila kuacha tundu. Kundi moja la vimeng'enya hurefusha ubavu. Jingine, likifuata pete ya protini iitwayo FtsZ, hujenga kizio, yaani ukuta wa katikati, ili seli igawanyike. Penisilini na jamii yake huwakaba mafundi hao. Baadhi ya dawa hizo, zikiwa kidogo, huzima zaidi kimeng'enya PBP3, fundi wa kizio. Seli inarefuka tu, haigawanyiki. Na hapa Dar mtu hupita kwanza duka la dawa Mbagala, anameza amoksilini mbili tatu, hali haibadiliki, ndipo anakuja hospitali. Ndivyo ilivyokuwa kwa mgonjwa huyu: fomu haikusema, na kijana hakuuliza. Tukaotesha mkojo kwenye sahani isiyo na dawa, na kesho yake koloni zikatoa fimbo fupi za kawaida. Halafu rangi ya Gram yenyewe ilishasema: fangasi Candida hushika zambarau, siyo pinki!

3. Njia ya Gram ya kupaka rangi bakteria (Gram chanya hubaki zambarau, Gram hasi huwa pinki) ni ya mwaka 1884 na bado inataka kalcha changa, yaani vimelea vilivyooteshwa karibuni. Bacillus, bakteria ya Gram chanya, ikizeeka kwenye sahani ukuta wake umedhoofika, zambarau inatoka, nanyi mnaandika Gram hasi. Asetoni, ya kuosha rangi, ni sekunde chache. Wekeni Staphylococcus (Gram chanya) na E. coli (Gram hasi) za kulinganishia kila mnapopaka rangi, hata foleni ikiwa ndefu.

4. Bakteria Mycoplasma haina ukuta. Msiipimie penisilini.

Fomu ikija bila kujazwa sehemu ya dawa alizotumia mgonjwa, pigeni simu wodini kabla ya kugusa hadubini.