Filta ya koni kwenye Mark X: angalia inavuta hewa ya wapi

Mkuu, umeuliza kwenye Mark X yako ya cc 2500 uweke filta ya hewa ya koni iliyo wazi au seti kamili yenye boksi. Koni ya wazi achana nayo. Ile inakaa ndani ya boneti inavuta joto la enjini lenyewe, na hewa ikipanda nyuzi 3 tu imeshapungua uzito kama asilimia 1. Foleni ya Ubungo saa nane mchana, piga hesabu mwenyewe. Utapata mlio, hilo sikatai, mlio mtamu kweli.

Ukiamua kununua, chukua yenye boksi lililofungwa na mpira unaobana chini ya boneti, mdomo wake utazame mbele pembeni ya redieta. Zile zinazoshusha filta hadi nyuma ya bampa ndizo zenye hewa baridi zaidi, lakini kwa Jangwani ya Dar siku ya mvua utavuta maji hadi ndani ya enjini, na konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) ikipinda ndiyo basi tena.

Halafu filta za kupaka mafuta. Yangu niliipaka mwenyewe, nikazidisha. Mafuta yakaenda kuganda kwenye kiwaya cha sensa ya hewa, taa ya enjini ikawaka, sailensa (mzunguko wa enjini gari ikiwa imesimama) ikawa inayumba. Nilisafisha kwa dawa yake maalumu ikapona. Kama unapita sana njia ya vumbi, bora filta ya karatasi.

Enjini isiyo na turbo haitakupa nguvu nyingi za farasi hapo. Umeshaikagua filta iliyopo sasa?