Re: Harrison na Ravi Shankar, urafiki au fasheni tu?

Mkuu, umeuliza kama George Harrison, mpiga gitaa wa bendi ya Beatles, alikuwa rafiki wa kweli wa Ravi Shankar, bingwa wa sitari (chombo cha nyuzi cha Kihindi), au alifuata tu upepo wa miaka ile wa kupenda muziki wa Kihindi. Binafsi sina shaka, walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana.

Walikutana London 1966. Shankar alimzidi miaka 23, na hakumlegezea kamba kwa sababu ya jina lake. Harrison mwenyewe alisimulia kwamba siku moja Shankar akimfundisha sitari simu iliita, akainuka kwenda kuipokea, akairuka sitari iliyokuwa chini. Shankar akamchapa mguuni: chombo kinaheshimiwa! Fikiria, nyota anayepigiwa kelele dunia nzima anachapwa kama mtoto wa chuoni, na bado mwezi Septemba akafunga safari hadi India kusoma zaidi. Mtu wa fasheni angerudi tena?

Baadaye Harrison alilirudia gitaa lake, maana sitari inataka umri mzima. Urafiki haukukatika. Mwaka 1971 Shankar, ambaye asili yake ni Bengal, eneo ambalo Bangladesh ni sehemu yake, alimweleza uchungu wa wakimbizi wa Bangladesh, na tarehe 1 Agosti wakapanda jukwaani Madison Square Garden, New York, kuwachangia wakimbizi hao, maonyesho mawili siku moja. Watu walishangilia hata pale wanamuziki wa Kihindi walipokuwa bado wanakaza nyuzi!

Na 1997, fasheni ikiwa imeshazikwa zamani, ilitoka albamu ya Shankar ya nyimbo za sala, na Harrison ndiye aliyesimamia kurekodiwa kwake.