Mamboleo Si Kila cha Leo

Msomaji anauliza: "Katika makala moja nimekuta 'uliberali wa kisasa' na 'uliberali mamboleo'. Je, ni kitu kimoja? Na ule wa zamani tuuiteje?"

Si kitu kimoja, na umenichokoza pazuri, maana hilo "mamboleo" limenikwama kooni siku nyingi.

Asili ya neno haitatuchelewesha: liberali ni la Kilatini, liber, yaani huru. Waliberali wa awali, kina mwanafalsafa John Locke na mwanauchumi Adam Smith, walitaka serikali ilinde uhai na mali, isijitie sana katika biashara za watu. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Uingereza, wakazuka wengine wakiuliza: mwenye njaa, asiyejua kusoma, ana uhuru gani? Wakaitaka serikali itie mkono. Pensheni ya wazee ya 1908 na bima ya taifa ya 1911 zililetwa na serikali ya Chama cha Liberali. Huo ndio uliberali wa kisasa. Mamboleo ukaja baadaye kulirudisha soko kitini: kodi ishuke, mashirika ya umma yauzwe.

Sasa kuna mwandishi aliyeniletea mswada, na ukurasa wa kwanza tu: "John Maynard Keynes, mliberali mamboleo." Nikafuta kwa kalamu nyekundu. Akarudisha. Nikafuta tena, akaandika pembeni: "Kwani si wa karne ya 20?" Jamani! Keynes, mwanauchumi aliyetaka serikali ikope na kutumia fedha uchumi unapodorora, apewe jina la watu waliotumia nusu ya wino wao kumpinga! Kwa kipimo hicho hata mimi ni mhariri mamboleo, maana nimeamka leo asubuhi. Neno hili halihesabu miaka. Ukoloni mamboleo hatukuuita hivyo kwa kuwa ni mchanga. Tuliuita hivyo kwa kuwa bwana ni yuleyule, kabadili koti tu. Na uliberali mamboleo ni ule wa zamani uliorudi, tena na suti mpya.

Huo wa zamani usiuite "wa kale". Kale inanipeleka kwa Mafarao, na Locke ni wa juzijuzi, karne ya 17. Mimi husema "uliberali mkongwe". Wengi wanasema "wa kiklasiki". Neno baya, lakini limeshaingia sebuleni na kuvua viatu, nami sina nguvu za kulitoa.